Katazo Hili ni la Nani? Kamera Kwenye Patakatifu na Bustani za Mji

AKINYI: Wasikilizaji wetu, hamjambo popote mlipo. Hapa Kisumu jua limewaka na boda boda za nje mtazisikia, mtuvumilie tu. Mimi ni Akinyi.

WEKESA: Nami Wekesa. Mulembe kwa watu wa nyumbani, na wa Nakuru pia tunawasalimu. Leo ni kamera. Ni kile kibao cha "Usipige Picha", na yule mtu anayetoka mbio kivulini akikunyooshea kidole: wewe, rudisha hiyo simu mfukoni!

AKINYI: Umeanza na hasira, ndugu yangu.

WEKESA: Nina hasira kweli, dada, lakini si na kila kibao. Msimamo wangu nautoa mapema. Kuna katazo la mwenye patakatifu, mtu ambaye wazee wake wametambikia pale au yeye mwenyewe anasali pale. Hilo nitalitii hata kama halimo kwenye sheria yoyote. Halafu kuna katazo la mtu wa sare kwenye bustani ya umma, ambalo linaisha ukimpa mia mbili. Hilo nataka nionyeshwe limeandikwa wapi.

AKINYI: Basi tuanze na patakatifu, tena hapa karibu, Kit Mikayi. Kwa asiyepajua: unashika barabara ya Bondo kutoka Kisumu, unaingia Seme, unaona mawe makubwa yamebebana kwenda juu, kama mita 40 hivi. Picha zake mmeziona sana mtandaoni. Lakini nyingi ni za nje. Ukipenya katikati ya mawe, mwanga unapungua, unaona masizi ya mishumaa ukutani, nta imeganda kwenye vijishimo vya mwamba, na mara nyingi kuna mtu amepiga magoti. Waumini wa Legio Maria huja hapo kusali na kufunga. Sasa mgeni amelipa kiingilio getini, na akilini mwake amelipia kila kilicho ndani, pamoja na yule mama aliyepiga magoti.

WEKESA: Kiingilio ni cha kuona mawe. Yule mama hajauzwa na mtu.

AKINYI: Hajauzwa. Na fikiria amekuja na nini pale. Pengine ni ndoa, pengine ni ugonjwa ambao hata dada yake hajaambiwa. Analia kwa sauti kwa sababu anajua aliye naye pale ni Mungu na wenzake wa imani. Jioni uso wake uko TikTok na muziki umewekwa juu yake. Mimi hilo linaniuma sana.

WEKESA: Na sheria iko upande wake. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, cha 32 kinalinda ibada. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo watu wanadhani ni ya mabenki na kampuni za simu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Kipindi kilekile klabu moja ya burudani ikatozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake bila ruhusa yake.

AKINYI: Sasa ikiwa mtu aliye kwenye starehe zake analindwa hivyo, anayesali je?

WEKESA: Swali zuri, na hakuna anayelibandika getini.

AKINYI: Ila mimi nina upande wangu mwingine, na hapa pengine hatutaelewana. Picha pia inaokoa. Nenda Thimlich Ohinga kule Migori, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka wa 2018. Zile kuta zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji wala udongo wa kushikisha. Unene wake ni kama mita moja, urefu mahali pengine unafika mita nne na nusu, na milango ni mifupi, lazima uiname kuingia. Jiwe likidondoka, fundi atajuaje lilikaa vipi kama hakuna picha? Wengine wetu tukisikia neno marufuku tunaogopa kwamba kitu kitaanguka na hakuna kumbukumbu.

WEKESA: Hiyo ni picha ya mhifadhi, naikubali.

AKINYI: Si ya mhifadhi peke yake. Hata ya mwanafunzi wa darasa la saba, ikiwa ya miaka ishirini iliyopita na inaonyesha ukuta mzima, ni mali.

WEKESA: Sawa, kuta za Thimlich piga. Lakini njoo Mfangano. Kule kisiwani kuna michoro ya miambani, Mawanga na Kwitone, duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu na nyeupe, kazi ambayo wataalamu wanaihusisha na Watwa wa kale. Watu wa kisiwa wamepaheshimu vizazi na vizazi, wengine wakienda kuomba mvua. Nani aliilinda ile michoro muda wote huo? Ni miiko. Mtoto alijua haendi kuchezea pale. Mwiko ulifanya kazi ambayo hakuna askari wa mshahara angeiweza.

AKINYI: Na kamera inaharibu vipi mchoro? Eleza, kwa sababu mtu atasema picha haichubui mwamba.

WEKESA: Picha yenyewe haichubui. Kinachochubua ni mtu anayeitafuta. Mahali pengi penye michoro ya miambani watu wameimwagia maji ili rangi ikolee kwenye picha, na maji yale, yakirudiwa na kurudiwa, yanaharibu rangi na kuacha ukungu wa chumvi. Wengine wanachora juu yake kwa chaki, wengine wanaegemea ukuta wapate pembe nzuri, mafuta ya mwili yanabaki pale. Kwa hiyo mzee akikwambia "hapa simu weka chini", usimwone kama adui wa utalii.

AKINYI: Hapo umenigusa. Lakini nataka uongee la kwenu Bungoma, maana ulinigusia tukiwa nje.

WEKESA: Dada, hilo ndilo lililonifanya nitake kipindi hiki. Sisi Wabukusu tohara yetu ni Agosti ya miaka ya shufwa. Kijana anazunguka kwa jamaa akipiga chinyimba, zile njuga za mikononi, anawaalika. Anaenda kwa mjomba wake, ndugu ya mama, anachinjiwa, anarudi nyumbani na nyama imening'inia shingoni. Usiku hakuna kulala. Alfajiri anapelekwa mtoni, anavuliwa nguo, anapakwa tope baridi kutoka kichwani hadi miguuni. Anarudi anaimbiwa, anasimama uani uchi vile alivyozaliwa, macho mbele, hatakiwi hata kupepesa. Ngariba anamaliza kazi yake kufumba na kufumbua.

AKINYI: Na umati umemzunguka.

WEKESA: Umati ndio mashahidi. Zamani walichokiona kilibaki na kijiji. Ukisimama imara, kijiji kinajua. Ukitetemeka, kijiji pia kinajua, lakini kitakuoza na kitakuzika, kwa hiyo kitakustahi. Sasa mikono imeinuliwa juu na kila mkono una simu. Kuna wanaorusha moja kwa moja. Mtoto wa miaka kumi na miwili, yuko uchi, yuko kwenye maumivu, na anatazamwa na mtu ambaye hajui hata jina la kijiji chake. Akiwa na miaka thelathini anatafuta kazi, video bado ipo.

AKINYI: Aki hapana.

WEKESA: Halafu ukisema, unaambiwa "tunahifadhi utamaduni". Utamaduni upi? Wenyewe ulikuwa na mipaka ya nani asimame wapi. Sheria ya data inasema taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na hata mzazi akikubali, lazima iwe kwa manufaa ya mtoto mwenyewe. Niambie manufaa ya mtoto yako wapi katika video ile.

AKINYI: Na baba mdogo aliye Qatar, aliyetuma pesa ya ng'ombe, haoni kitu?

WEKESA: Atumiwe picha ya kijana akipiga chinyimba, na ya nyama shingoni, na ya karamu. Hizo ni za furaha na kijana mwenyewe atazionyesha wanawe. Kutoka mtoni hadi uani, simu zikae kwenye kapu, na kapu liwe na mtu mzima wa boma anayelisimamia.

AKINYI: Ninakuunga mkono kabisa. Na hatujitungii jambo geni. Kule Uluru, Australia, Waanangu wenye ule mwamba wana sehemu wanazoomba zisipigwe picha, na kuna vibao vinavyokuonyesha sehemu zenyewe. Kupanda juu kulipigwa marufuku kabisa Oktoba 2019. Mwamba mwingine wote unapigwa picha. Yaani katazo lina mahali linapoanzia na linapoishia.

WEKESA: Kyoto nao, mtaa wa Gion, mwaka huohuo wa 2019 wakazi waliweka katazo kwenye vichochoro vyao vya binafsi, faini yen 10,000, kwa sababu wageni walikuwa wanawakimbiza wanawake wa geisha barabarani wakitaka picha. Ni wakazi waliosema.

AKINYI: Ila usisahau kuna patakatifu ambapo katazo lilianzia kwenye biashara. Kanisa dogo la Sistine kule Vatikani: kampuni ya televisheni ya Japani, Nippon TV, iligharamia ukarabati wa michoro ya Michelangelo, ikapewa haki za picha. Mkataba uliisha zamani, katazo likabaki. Ndiyo maana mimi hata mahali pa ibada nauliza, nani amesema hapana, na kwa nini.

WEKESA: Uliza, lakini ukiwa umeshaweka simu chini.

AKINYI: Nimekubali. Sasa tuje kwenye bustani, maana umekuwa ukiwashwa.

WEKESA: Nitakupa niliyoyaona. Mji naacha, bustani naacha, haitasaidia kutaja. Familia imekuja, binti amehitimu, yuko na joho lake jeusi amelishika lisiguse nyasi. Mpiga picha wa pale ni kijana, kamera shingoni, mfukoni ana picha za sampuli zimelainika pembe kwa kushikwashikwa, na kwenye begi ana printa ndogo ya betri. Amewapanga, mama katikati, anakaribia kubonyeza. Askari anafika: kibali kiko wapi? Kibali gani? Hataji. Wanaenda pembeni, nyuma ya choo, wanarudi. Yule kijana hakuniangalia usoni. Bei ya picha ikapanda papo hapo, mama wa watu akaanza kuhesabu pesa upya.

AKINYI: Na mama ndiye aliyelipa hongo bila kujua.

WEKESA: Hasa. Sasa sikilizeni vizuri, wapiga picha. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti bustani hizi kuzisimamia. Sawa. Lakini Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria. Na cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa utawala unapokuumiza. Kwa hiyo ukiambiwa "hapa ni marufuku", uliza kwa heshima: sheria ndogo gani, imepitishwa na bunge la kaunti lini?

AKINYI: Kwa heshima na mbele ya watu, si nyuma ya choo. Ila tuwe wakweli, kuna leseni halali. Anayetengeneza filamu ya kuonyesha umma au kuuza, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, inamhusu. Droni ina kanuni zake za usafiri wa anga. Mbuga ya Ziwa Nakuru iko chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori, na upigaji picha wa kibiashara kule una utaratibu wake.

WEKESA: Picha ya joho la binti yako si filamu.

AKINYI: Si filamu. Lakini kuna yule wa harusi anayekuja na jenereta, mataa na bibi harusi wawili kwa zamu, anashika nyasi zote kuanzia saa nne, watoto wanafukuzwa kwenye bembea zao. Huyo mimi ningemtoza ada bila huruma.

WEKESA: Atozwe! Ada iandikwe getini kwa herufi kubwa, ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya kaunti, risiti itoke. Sina ugomvi na hilo. Misri, ambako kamera ilikuwa inakuletea shida barabarani, baraza lao la mawaziri mwezi wa Julai 2022 liliruhusu picha za kibinafsi kwenye maeneo ya umma bila kibali wala malipo. Na bado kumpiga Mmisri mwenyewe kunataka idhini yake ya maandishi.

AKINYI: Hiyo ya mwisho ningeipenda hapa. Na kwa Kit Mikayi nina ombi moja kwa kaunti: kibao kisikae getini. Wakae na wazee wa Seme na viongozi wa wanaosali pale, wao waonyeshe kwa mkono ni wapi hasa kamera ikome, na kibao kisimikwe hapo, kwa Dholuo, Kiswahili na Kiingereza. Nje ya hapo watu wapige mawe yao watakavyo.

WEKESA: Na mwongozaji apewe uwezo wa kumwambia mgeni "futa hiyo", ifutwe akiona.

AKINYI: Ifutwe akiona, ndiyo. Wasikilizaji, ukiwa mpiga picha wa bustani, Nakuru, Kisumu, Kakamega, popote, na umewahi kupewa risiti ya kibali, tutumie picha yake. Nataka kuona sheria iliyotajwa pale chini.

WEKESA: Na kama umelipa mara nyingi na hujawahi kupewa risiti, tutumie sauti. Jina lako usilitaje.