Kabla Hujakodi Lori la Kuhamia

Asanteni, kaeni. Wa nyuma sogeeni mbele, viti hivi havina deni. Najua wengine mlinisikia nikiyasema haya ya kuhama jimbo na ada ya chuo ya watoto mwaka jana, na mwaka juzi. Nitayasema tena, kwa sababu wiki iliyopita kuna familia nyingine hapa hapa Indianapolis imekodi lori.

Kuna baba mmoja, mtu wa kwetu kabisa, jina simtaji. Alikuwa anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Shemeji yake yuko Amarillo, Texas, kwenye kiwanda cha nyama. Simu ikalia: "Njoo huku, wanalipa dola 3 zaidi kwa saa." Piga hesabu. Dola 3 mara saa 40, mara wiki 52: dola 6,240 kwa mwaka, kodi haijakatwa. Mimi simcheki. Aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka 15 hachezei dola 6,240. Mwezi wa tatu wakapakia sofa, masufuria na magodoro, wakaondoka.

Binti yake alikuwa gredi ya 12. Imebaki kama miezi miwili amalize. Na huyo binti alikuwa ndani ya 21st Century Scholars. Mnaijua au hamuijui? Ni mpango wa jimbo hili la Indiana, upo tangu 1990. Mtoto wa familia ya kipato kidogo anaingizwa akiwa gredi ya 7 au ya 8, akitimiza masharti jimbo linamlipia ada ya chuo cha umma, hata ada yote, miaka minne. Siku hizi sheria inawaandikisha wenyewe wanaostahili, kwa hiyo huenda mwanao anayo na wewe hujui. Lakini kuna sharti: amalize sekondari ndani ya Indiana. Baba hakuuliza. Binti naye alidhani mkubwa anajua. Alinipigia akiwa Amarillo, ana mkononi barua ya kumtoa kwenye mpango, ananisomea mstari mmoja, ananyamaza, anasoma mwingine, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali.

Haya, Texas nako. Texas wanataka mzazi awe amekaa jimboni miezi 12 ndipo mtoto alipe ada ya mkazi. Machi mpaka Agosti ni miezi mingapi? Semeni kwa sauti. Mitano! Kwa hiyo ni ada ya mtu wa nje, ambayo kwenye vyuo vikuu vingi vya umma nchi hii ni mara mbili, hata mara tatu. Indiana imeshamtoa, Texas haijamwingiza. Kakosa mwana na maji ya moto, kwa wiki kumi tu ambazo angeweza kusubiri.

Naona mkono, ushushe, swali nalijua. "Mtoto ana miaka 18, si aandike kwamba anajitegemea?" FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu wa kulipia chuo, haiangalii kama umeota ndevu. Mpaka afike miaka 24, au awe na ndoa, au ametumikia jeshi, au ni yatima, na hali nyingine chache, bado anahesabiwa yuko chini yako. Na tafadhali msimwoze mtu kwa ajili ya FAFSA. Mnacheka, lakini nimewahi kuulizwa.

La pili, mnaloniuliza kule kwenye maegesho, siyo hapa mbele: "Tutumie anwani ya mjomba anayekaa jimbo hilo." Ndugu yangu, ile FAFSA yenyewe inakuonya, ukidanganya ni faini hadi dola 20,000, au jela, au vyote viwili. Na wewe faili lako la uraia liko mezani kwa watu. Unataka ugomvi huo?

Turudi Amarillo. Binti akakaa mwaka mzima, anapanga maziwa kwenye friji za supamaketi. Miezi 12 ikatimia, wakaenda chuoni wanachekelea. Wakaulizwa ushahidi. Mkataba wa nyumba? Uko kwa jina la shemeji. Bili ya umeme? Shemeji. Leseni ya baba? Ya Indiana. Gari? Namba za Indiana, eti kubadilisha ni gharama. Mtu amekata nyama ya Texas mwaka mzima, lakini kwenye karatasi hajafika Texas! Kilichowaokoa ni mama. Yule mama hatupi karatasi. Alikuwa ameweka hati zote za mshahara wa mumewe kwenye ndoo ya mchele, toka wiki ya kwanza. Zikahesabiwa moja moja, zingine zina unga, binti akakubaliwa kuwa mkazi.

Kwa hiyo ukihama, wiki ile ile: mkataba wenye jina lako, leseni, namba za gari. Usingoje mtoto akubaliwe chuo.

Dada wa jikoni ananionyesha saa. Nakimbia. Pell Grant, msaada wa chuo usiorudishwa, ni ya serikali kuu, hiyo inahama na wewe, kiwango cha juu miaka hii ni dola 7,395, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi anaiomba kama mwenye kadi ya kijani. Fedha za jimbo ndizo hazihami. Texas, mtoto akipata skolashipu ya ushindani ya angalau dola 1,000, chuo kinaweza kumtoza ada ya mkazi. Wengi hawalijui hilo, binti yetu naye hakulijua. Kuna mpango wa Midwest Student Exchange, vyuo vya Kansas, Missouri, Nebraska na kwingineko, visivyozidisha asilimia 150 ya ada ya mkazi. Chuo cha Berea, kule Kentucky, hawajatoza ada tangu 1892, ila kila mwanafunzi anafanya kazi. Vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili, navyo nilitaka kuvieleza, basi, tutazungumza tukila.

FAFSA inafunguliwa tarehe 1 Oktoba. Wenye watoto wa gredi ya 7 na ya 8, kabla hamjachukua sahani, piteni meza ile ya dirishani tuangalie kama jina la mtoto limo kwenye 21st Century Scholars. Na yule aliyeniambia anahamia Ohio mwezi ujao, wewe usiende popote, nakuja kukaa na wewe.