Ombeni Karatasi, Msiombe Maelezo

Mhadhara uliotolewa kwa wazazi wa shule za umma, Kisauni, Mombasa

Wazazi wenzangu, assalamu alaikum. Bwana asifiwe. Waliosimama kule nyuma, viti viko huku mbele, na hakuna atakayewauliza salio la karo.

Nimeombwa nizungumzie bodi za shule na uwajibikaji wake. Uwajibikaji ni neno pana, na nikilifuata lote tutalala hapa. Nitashika jambo moja tu: karatasi. Katika mikutano ya wazazi methali ya "mali bila daftari hupotea bila habari" huisikia ikitajwa na wenyeviti, na wadhamini, na wanasiasa waliokuja kutoa mabati. Daftari lenyewe ni nadra kuliona likifunguliwa. Tunachopewa ni maelezo. Mwalimu mkuu husimama, akaeleza vizuri, akatuonyesha msingi wa maabara, tukapiga makofi, tukaenda zetu. Muhula unaofuata maelezo yamebadilika, na hakuna anayeweza kumwambia "lakini ulisema hivi", kwa sababu kila mmoja wetu amekumbuka lake.

Tuanze na bodi yenyewe, maana wengi tunaiogopa bila kuijua. Bodi ya usimamizi wa shule imeundwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Kifungu cha 56 kinataja wanaokaa humo: watu 6 waliochaguliwa kuwakilisha wazazi, au jamii kwa shule za upili za kaunti, watu 3 wa mdhamini wa shule, mmoja wa walimu, mmoja wa bodi ya elimu ya kaunti, mmoja wa makundi maalumu katika jamii, mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu, na mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Hesabuni wenyewe. Kundi kubwa kuliko yote mle ndani ni letu. Kisha kuna Chama cha Wazazi, ambacho kila mwenye mtoto shuleni ni mwanachama, awe anajua au hajui, na mwenyekiti wake pamoja na wenzake wawili huongezwa kwenye bodi hiyo hiyo.

Basi mbona tunalalamika kama watu wa nje? Sababu moja ni kwamba katibu wa bodi ni mwalimu mkuu. Sheria ndivyo ilivyosema, na silaumu, kwa kuwa kazi ya kuandika inamfaa mtu anayeshinda pale kila siku. Ila tazameni inavyokwenda. Anayetumia pesa ndiye anayeandaa ajenda. Ndiye anayeandika kumbukumbu za kikao. Ndiye anayeamua karatasi gani zifike mezani na zifike lini. Mjumbe wetu anaingia saa nne asubuhi, anakuta bajeti ya mwaka mzima mbele yake kwa mara ya kwanza, kurasa kumi na kitu, na harufu ya pilau imeshaanza kuingia dirishani. Atauliza nini? Anatia sahihi. Baadaye sisi tunamwita msaliti. Mimi nadhani mara nyingi si msaliti, ni mtu aliyenyimwa muda wa kusoma. Mkitaka kumsaidia mjumbe wenu, dai la kwanza liwe hili: karatasi za kikao zimfikie wiki moja kabla.

Sasa pesa. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, zikagawanywa akaunti mbili: 650 za vitabu na vifaa vya kusomea, 370 za matumizi mengine. Waliokuwa na watoto wakati ule wanaikumbuka ile karatasi iliyobandikwa nje ya ofisi, kilichoingia na kilichotoka. Naona mama pale anatikisa kichwa, anaikumbuka. Shule nyingi nilizopita karatasi ile ilipigwa na jua, ikachanika, na haikubandikwa nyingine.

Kwa shule ya upili ya kutwa, mgao uliotangazwa tangu 2018 ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 400 basi, kwa hesabu ya karatasini, ni shilingi 8,897,600. Msikimbie na tarakimu hiyo mkaanza kupiga kelele langoni. Sehemu ya pesa hizo hubaki wizarani, kwa vitabu kwa mfano, ambavyo siku hizi vinanunuliwa na serikali yenyewe. Zinazobaki huja kwa awamu, nusu ikipangiwa muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili na 20 wa tatu, na huchelewa. Na miaka hii ya karibuni shule zimelia kwamba kinachofika ni pungufu.

Hapa niwatetee walimu wakuu, ingawa sikuitwa kuwatetea. Mwalimu mkuu ambaye mgao wake haujafika bado ana watoto wanaotaka kula. Anachukua maharagwe kwa mkopo, kuni kwa mkopo, na mwenye duka anamkalia mlangoni kuliko sisi. Mzazi anayeanza kwa kumwita mwizi amekosea swali. Swali la kwanza ni: ziliingia lini, na ngapi? Hilo halijibiwi kwa maelezo. Linajibiwa na taarifa ya benki ya akaunti ya shule. Ikionyesha pesa hazikufika, basi safari yetu ni kwa wizara, na mwalimu mkuu anaweza hata kuwa wa kwanza kupanda matatu pamoja nasi. Ikionyesha zilifika Februari na chaki zimeisha Machi, hayo ni mazungumzo mengine.

Kuna sehemu ambayo karatasi inatuuma sisi wenyewe. Nazungumzia michango: pesa za motisha ya walimu, za basi, za masomo ya ziada, za ukuta. Kifungu cha 29 cha ile Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza karo ya masomo katika shule ya umma. Malipo mengine yanaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, ila mtoto asizuiwe kusoma kwa kuwa mzazi hajalipa, na hakuna ruhusa ya kupokea pesa bila kutoa risiti rasmi. Kifungu cha 37 kinakataza masomo ya likizoni. Haya yote yameandikwa. Lakini ukienda kulalamika, unajibiwa kwa upole kabisa: "Mama, wazazi wenyewe walipitisha."

Na ni kweli, kwa namna yake. Mkutano mkuu umeitwa saa tatu, umeanza saa tano. Matokeo ya mtihani yamesomwa somo kwa somo. Mgeni wa heshima amehutubia. Ikifika saa nane, nusu ya watu wameondoka, wanawahi feri, wanawahi maduka yao. Kwenye "mengineyo" mtu mmoja anasimama, mara nyingi mtu mwenye uwezo, anasema, "Mimi napendekeza kila mzazi atoe elfu mbili tuwatie moyo walimu wetu." Nani atanyoosha mkono aseme hataki kuwatia moyo walimu? Mikono inainuliwa, haihesabiwi, na kwenye kumbukumbu panaandikwa "wazazi kwa kauli moja". Muhula unaofuata elfu mbili hizo zinatumwa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, na mtoto ambaye jina lake halijawekewa alama anarudishwa nyumbani.

Kwa hiyo karatasi ninayoithamini pengine kuliko taarifa ya benki ni kumbukumbu za mkutano mkuu pamoja na orodha ya mahudhurio. Shule ina wazazi 600, waliotia sahihi ni 140, na azimio linasema kauli moja? Hapo kuna la kuongea. Na Chama cha Wazazi, kwa sheria, kinajadili na kupendekeza malipo. Kupendekeza si kuidhinisha. Waulizeni idhini ya Waziri iko wapi, muone nakala.

Akina mama hapa mnayajua haya kuliko mimi. Kwenye vyama vyenu vya kuweka akiba, sanduku halifunguliwi bila wenye funguo kuwepo, na daftari husomwa kwa sauti kila mkutano. Hakuna anayesema kwamba kusoma daftari ni kumkosea adabu mweka hazina. Kwa nini shuleni iwe utovu wa adabu?

Tuvuke mpaka kidogo. Uganda, kati ya 1991 na 1995, watafiti wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walifuatilia mgao wa serikali katika shule 250 za msingi. Wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ya pesa hizo, zisizokuwa mishahara, ndizo zilizofika shuleni. Nyingine ziliishia wilayani. Serikali ya Uganda ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kilichopokelewa. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zinafika. Wako wanaosema gazeti limepewa sifa kupita kiasi, kwamba palikuwa na mageuzi mengine ya fedha wakati ule ule, na nadhani wana hoja. Ila mwalimu mkuu asiyejua alichotumiwa hawezi kukidai, na mzazi naye hawezi.

Sasa njia. Ibara ya 35 ya Katiba yetu ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na shule ya umma imo. Sheria ya Upataji Habari ya 2016 imeeleza namna. Unaandika barua, kwa Kiingereza au Kiswahili. Kiswahili kimetajwa ndani ya sheria, kwa hiyo asiwepo wa kuwarudisha. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na ofisi hiyo hiyo. Jibu litoke ndani ya siku 21, nao wakihitaji wanaweza kuongeza siku 14, mara moja. Gharama yako haizidi gharama ya kutoa nakala. Na hulazimiki kutetea nia yako: haki hii haipungui kwa sababu uliyoitoa, wala kwa wanachodhani unakitafuta.

Najua hofu iliyomo ukumbini. "Nikiandika, mwanangu ataonewa." Siiti hofu hiyo upuuzi, maana mtoto ndiye anayebaki na walimu mchana kutwa. Ila someni tena neno la Katiba: kila raia. Halikusema mzazi. Barua inaweza kuandikwa na babu, na mwenye duka la jirani, na kijana aliyemaliza pale. Bora zaidi iandikwe na Chama cha Wazazi, ikiwa na sahihi za darasa zima, ambapo hakuna jina la kuchagua.

Ombeni vitu vyenye jina na tarehe. Mkiandika "tunataka uwazi", mtajibiwa kwa hotuba. Andikeni hivi:

"Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upataji Habari ya 2016, tunaomba nakala za: taarifa za benki za akaunti za shule za muhula wa kwanza, kumbukumbu za mkutano mkuu wa wazazi wa mwaka huu na orodha ya mahudhurio, idhini ya michango inayotozwa sasa, orodha ya madeni ya shule, na ripoti ya mwisho ya wakaguzi wa hesabu."

Basi. Msiweke matusi, wala tetesi za gari jipya la mtu. Majina ya watoto na matatizo yao ya karo msiyaombe, hayo ni siri yao. Barua iende kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mwenyekiti wa bodi na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo siku 21 hazina pa kuanzia kuhesabiwa. Wakikataa au wakinyamaza, mna siku 30 za kupeleka ombi la mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, nayo ina uwezo wa kuamuru habari zitolewe.

Mtaniambia karatasi nazo hughushiwa. Hughushiwa, ndiyo. Lakini aliyeghushi risiti ya magunia 40 ya mahindi sasa anatakiwa pia aghushi daftari la stoo, na taarifa ya benki, na kumbukumbu za muuzaji, na zote zikubaliane. Na kila moja ina sahihi ya mtu.

Nakala za barua hiyo ziko mezani pale mlangoni, zimeachwa wazi sehemu ya jina la shule. Sasa maswali. Tuanze na mzee mwenye kofia, ameinua mkono tangu nilipotaja pilau.