Matone ya damu kwa dume si kupe kila mara

Ndugu wafugaji, nanyi mnaoishi na mbwa wa ulinzi hapa Kampala, tuanze na sakafu. Dume wa miaka sita, hajahasiwa, anakula posho (ugali) na mukene (dagaa) wake vizuri, ila alipolala pana matone mekundu. Wengi hukimbilia dawa ya kupe. Ngojeni. Babesia, ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe, huugeuza mkojo wenyewe ukawa kama chai isiyo na maziwa, tena mbwa ana homa na fizi zimepauka. Damu ya tezi dume, ambayo ndiyo mada yetu, hudondoka hata asipokojoa. Vuteni govi nyuma pia: nyama kama koliflawa inayovuja damu ikiguswa ni uvimbe wa zinaa, tiba yake ni nyingine kabisa.

Tezi hii imezunguka mrija wa mkojo karibu na shingo ya kibofu, na homoni ya kiume huikuza. Kwa binadamu huubana mrija, mkojo ukakwama. Kwa mbwa hupanukia nje zaidi, ikaukandamiza utumbo wa haja kubwa. Ndipo anajikamua na kutoa kinyesi bapa kama utepe, nasi tunalaumu mifupa aliyokula. (Mifupa nayo haikosi makosa.)

Daktari hupima kwa kidole chenye glavu na mafuta, mkono wa pili ukiinua tumbo ili tezi irudi nyuma. Pande mbili sawa, laini, bila maumivu: imekua tu. Ikiuma na pana homa, ni maambukizi, msiikande. Ngumu, yenye vinundu, haisogei: ogopeni saratani, hasa kwa mbwa aliyehasiwa zamani, maana tezi yake ilipaswa kuwa imesinyaa.

Iliyokua tu, dawa yake ni kuhasi. Tezi hupungua karibu nusu kwa wiki 3, na damu hukoma ndani ya wiki 4 hivi. Dume wa mbegu apewe vidonge vya finasteridi, miligramu 0.1 hadi 0.5 kwa kila kilo kwa siku. Ikikatizwa, tezi inakua tena. Mjamzito asishike kidonge kilichovunjika.

Kwenye maambukizi ndiko tunakoharibu zaidi: antibiotiki ya amoksisilini siku tano, mbwa anachangamka, mwezi ujao damu ileile. Maambukizi yakiwa sugu, dawa hiyo haipenyi vyema ndani ya tezi. Antibiotiki ya enrofloksasini hupenya, lakini kwa wiki 4 hadi 6, hata kama matone yamekoma wiki ya kwanza.