Salaita Mezani: Handaki Lisiloonekana

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo kaka Mwakio, anayetengeneza michezo ya vita ya kuchezwa mezani kwa dadu na sanamu ndogo za askari, kaja na ubao umefunikwa leso, nikaambiwa nisiguse mpaka tuanze.

MWAKIO: Haya, funua sasa, dada.

ZUHURA: Aa! Si Mlima Salaita huu? Ule wa njia ya Taveta?

MWAKIO: Ndio wenyewe, siku ya mapigano ya tarehe 12 Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mizinga ya Waingereza ilipiga kileleni, maana mahandaki yalionekana huko. Kumbe ya kuzugia. Wajerumani na askari wao walikuwa wamejichimbia huku chini, ndani ya vichaka. Wanajeshi wa Afrika Kusini wakasogea mpaka karibu, wakamiminiwa risasi. Upande wa Waingereza waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walifika kama 170.

ZUHURA: Sasa mezani utalifichaje handaki? Mchezaji anaangalia kutoka juu kama mwewe.

MWAKIO: Hilo lilininyima usingizi. Nikaona nitengeneze mifuniko. Unaona kichaka hiki? Kinyanyue.

ZUHURA: Lo! Kuna watu humu!

MWAKIO: Ni kipande cha kadibodi, juu nimebandika nyuzi za mkonge nilizozikata fupi fupi na kuzipaka rangi ya majani makavu. Mkonge Taita-Taveta hatununui mbali. Udongo nao ni wa nyumbani: niliuchekecha kwa chujio la chai, nikaunyunyiza juu ya gundi ya mbao ikiwa bado mbichi. Wekundu huo hakuna rangi ya dukani inayoupata.

ZUHURA: Na kina chake?

MWAKIO: Sanamu zangu za askari zina urefu wa milimita 28, kwa hiyo handaki la kumfunika mtu mzima linataka kama sentimita 3. Meza huwezi kuichimba, basi unainua ardhi yote kwa stairofomu, lile povu gumu jepesi la kufungashia vyombo, ya unene wa sentimita 5, ndipo unakata. Upana usiwe chini ya sentimita 3, la sivyo vitako vya askari, yaani vibao wanavyosimamia, havitaingia. Na usikate mstari ulionyooka. Pindapinda, kama walivyochimba wenyewe, ili adui akiingia upande mmoja asiweze kupiga risasi handaki zima.

ZUHURA: Rangi ya kupuliza je?

MWAKIO: Usithubutu kwenye stairofomu tupu! Mlima wangu wa kwanza uliyeyuka, ukabaki mashimo mashimo. Paka kwanza gundi iliyochanganywa na rangi ya maji, mara mbili, ikauke kabisa.

ZUHURA: Umeshaucheza?

MWAKIO: Na mpwa wangu, ambaye hakuijua habari hii. Zamu tatu nzima mizinga yake inapiga kilele, dadu zinamkubali, anashangilia. Akasogeza kikosi mpaka hapa, kwenye mbuyu. Nikanyanyua mifuniko minne. Alinyamaza, dada. Kisha akauliza, "Mjomba, hawa wa ndani ni kina nani?"

ZUHURA: Ukamjibu nini?

MWAKIO: Kwamba wengi wao walikuwa Waafrika, na wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, lugha iliyowaunganisha ni hii tunayozungumza sasa. Ndiyo maana kofia zao nilizipaka moja moja, na kile kitambaa cha kukinga shingo jua.

ZUHURA: Huyu wa pembeni kamgeukia mwenzake.

MWAKIO: Nilimgeuza makusudi. Anamnong'oneza asifyatue kwanza.