Wiki 12 za Kusubiri Dawa ya Chunusi

Baraka: Karibuni tena kipindini. Leo tunazungumzia chunusi, na kwa kuwa Zuhura ni mfamasia, mimi kazi yangu ni kuuliza. Ila nianze na langu. Nilianza kutokwa na chunusi nikiwa na miaka 15. Krimu moja nilikuwa naipa siku 10. Nikiona kimya, naitupa, nachukua nyingine. Nilienda hivyo miaka sita.

Zuhura: Pole sana, kaka. Wengi hukwama hapohapo. Chunusi unayoiona usoni leo ilianza kujengeka chini kwa chini wiki kadhaa nyuma. Seli zilizokufa hushikamana na mafuta ya ngozi, zikaziba kile kitundu unywele unapoota. Bakteria wa humo wanapata pa kustawi, pakavimba, pakatunga usaha. Sasa dawa unayoanza leo kazi yake kubwa ni kuzizuia zile ambazo bado hazijatokeza. Ndiyo maana tunasema wiki 8 hadi 12 kabla ya kuihukumu.

Baraka: Karibu miezi mitatu, Zuhura! Na kioo unakitazama kila asubuhi.

Zuhura: Najua, na inauma. Tena wiki za mwanzo ngozi inaweza kukauka, kuwasha, hata kuonekana mbaya zaidi. Mtu asipoambiwa mapema, ataacha.

Baraka: Tuanze na za kupaka, basi.

Zuhura: Mbili ndizo msingi. Kuna adapalini, ya jamii ya retinoidi, yaani dawa za ukoo wa vitamini A, inayozuia vitundu kuziba. Na kuna benzoili peroksaidi, inayoua bakteria bila kuwajengea usugu. Hiyo ya pili watu hukimbilia ya asilimia 10 wakidhani ndiyo kiboko, kumbe ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na inaunguza kidogo zaidi... samahani, nimejichanganya. Inaunguza *pungufu*. Na inachujua rangi ya nguo, kwa hiyo tumia taulo nyeupe.

Baraka: Mimi nilikuwa napaka kwenye kipele chenyewe tu.

Zuhura: Adapalini haipakwi hivyo. Unachukua kiasi cha punje ya njegere, unasambaza sehemu yote inayotoka chunusi, usiku, ngozi ikiwa kavu. Anza usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, na upake losheni isiyoziba ngozi. Mjamzito asiitumie, yeye daktari anaweza kumpa asidi ya azelaiki, ambayo pia inasaidia madoa.

Baraka: Antibayotiki je? Kuna watu wanazimeza mwaka mzima.

Zuhura: Hilo linanisikitisha mno. Doksisaiklini ni dawa nzuri kwa chunusi zilizovimba, lakini kwa kawaida ni miezi mitatu au minne, na huambatana na dawa ya kupaka. Ukiitegemea peke yake, bakteria wanajenga usugu, na ukiacha chunusi zinarudi. Imeze na glasi nzima ya maji, usilale papo hapo, maana inaweza kuchoma koo la chakula. Na ujikinge na jua.

Baraka: Na wanawake wanaotokwa kidevuni kila hedhi ikikaribia?

Zuhura: Hapo daktari anaweza kufikiria dawa za homoni: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, au spironolaktoni, kidonge kinachozuia homoni zinazochochea mafuta ya ngozi. Si za kila mtu.

Baraka: Kuna vile vidonge vya chunusi kali vinavyoogopwa. Isotretinoini.

Zuhura: Iliidhinishwa Marekani mwaka 1982, na mpaka leo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Inasinyaza tezi za mafuta zenyewe. Wengi hutumia miezi kadhaa, na baadhi hawasumbuliwi tena. Midomo hukauka karibu kwa kila mtu, na vipimo vya damu hufanywa kuangalia ini na mafuta ya damu. Mabadiliko ya hisia, mweleze daktari mara moja. Lakini nisikilizeni kwa makini: inaharibu mimba, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro kubwa. Mwanamke anahitaji vipimo vya ujauzito na kinga ya uhakika ya kuzuia mimba mpaka mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Usimgawie dada yako, usimgawie rafiki. Kidonge kimoja kinaweza kuleta msiba.

Baraka: Baada ya chunusi zangu kuisha zilibaki alama nyeusi. Nikaendelea kuzikwangua.

Zuhura: Yale ni madoa, siyo chunusi, na ngozi nyeusi huyapata kwa urahisi. Kuyakwangua kunayaongeza. Kinga ya jua na muda vinasaidia. Hatari ni krimu za kung'arisha zenye steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Mwanzoni uso unapendeza, kisha ngozi inakuwa nyembamba na chunusi mpya zinalipuka. Nimewaona wengi mno kwenye dirisha la dawa.

Baraka: Mtu aende kwa daktari lini?

Zuhura: Ukiwa na uvimbe mkubwa wa ndani unaouma. Ukiona makovu yanaanza. Ukimaliza wiki 12 bila nafuu. Au ukianza kujificha, hutaki kutoka nje kwa sababu ya uso wako. Hiyo nayo ni sababu ya kutosha.

Baraka: Hiyo hakuna aliyewahi kuniambia. Nilidhani lazima nifike kwenye makovu kwanza.

Zuhura: Hapana, usiyasubiri. Doa hufifia. Kovu la shimo halijijazi lenyewe.