Majengo Yanayokalia Raba, na Bushi ya Mwanaidi

BARAKA: Karibuni. Leo tulipanga mambo matatu kuhusu vitako vya raba vinavyokinga majengo na tetemeko. Ila mwenzangu kaja na bushi ya gari, kile kipande cha raba cha chini ya gari, imejaa grisi mezani.

MWANAIDI: Gari lilikuwa linagonga kila nikikata kona. Fundi wa Gerezani akaichomoa, akasema, "Dada, hii haijauawa na mashimo. Imesokotwa." Kaka, hicho ndicho kipindi chetu!

BARAKA: Haya, tusogee kwenye jengo.

MWANAIDI: Kitako ni tabaka za raba na mabamba ya chuma zilizounganishwa kwa moto. Chuma kinazuia raba isivimbe chini ya uzito, lakini inabaki huru kwenda kando. Miaka ya 1970 William Robinson wa New Zealand akatia nguzo ya risasi, ile metali laini, katikati, imeze nguvu ya mtikisiko. Jengo la William Clayton, Wellington, likakamilika juu ya vitako hivyo mwaka 1981.

BARAKA: Na kwenye mashine ya majaribio?

MWANAIDI: Mara nyingi kinasukumwa mbele, kinarudishwa nyuma, basi. Tetemeko haliendi hivyo! Linavuta kaskazini na mashariki kwa wakati mmoja. Kuna raba inayomeza nguvu yenyewe bila risasi. Hiyo ikizungushwa, yaani ikisukumwa kwa duara badala ya mstari, nguvu yake ya kurudi inakwenda kombo, kitako kinasokotwa. Majaribio ya Japani yalionyesha kinaweza kuchanika mapema kuliko kikisukumwa mstari mmoja.

BARAKA: Bushi!

MWANAIDI: Bushi kabisa.

BARAKA: Chenye risasi je?

MWANAIDI: Risasi ikilegea kuelekea kaskazini, kuelekea mashariki haitoi tena nguvu yake kamili. Na ikizungushwa mfululizo inapata joto, inazidi kulegea.

BARAKA: Sawa, lakini kwetu? Agosti 2020 Dar tulitikiswa. Kagera, 2016, tetemeko la 5.9 liliangusha nyumba za watu wa kawaida. Pesa iende kwenye nondo na lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta.

MWANAIDI: Na hospitali? Ishinomaki, Japani, kwenye tetemeko la 2011, hospitali ya Msalaba Mwekundu ilikuwa juu ya vitako, ikaendelea kupokea majeruhi.

BARAKA: Hospitali moja, kwa nyumba ngapi za Bukoba?

MWANAIDI: Hao wa nyumba zilizoanguka utawapeleka wapi?

BARAKA: Lenta ikiwepo, wengi hawatahitaji kupelekwa.

MWANAIDI: Wengi si wote. Sikubali, Baraka.

BARAKA: Nami sitoki hapo.

MWANAIDI: Basi tukae hivyo. Bushi hii, ukiitazama hapa ilipochanika…

BARAKA: Mwanaidi, tumebakiwa na dakika moja! Yale matatu hata la kwanza hatujaligusa.

MWANAIDI: Yaache. Wahandisi mnaosikiliza, nani amewahi kuona kitako kikipimwa pande mbili kwa pamoja? Tuandikieni.

BARAKA: Na mlio Kagera, tuambieni mlijengaje upya. Mliweka lenta?

MWANAIDI: Hujaacha tu!

BARAKA: Siachi. Kwaherini.