Kodi ya jengo, mfuko wa mpangaji

Neema: Shikamoo kaka Elisante.

Elisante: Marahaba, mdogo wangu. Wasikilizaji, karibuni. Tupo Moshi, mvua inanyesha tangu alfajiri, kwa hiyo mkisikia bati linapiga kelele mtuvumilie. Neema leo amekuja ameshika simu kama ameshika ushahidi wa mahakamani.

Neema: Ni meseji ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nimenunua umeme wa 10,000, na 1,500 imekatwa papo hapo. Kodi ya majengo. Mimi sina jengo, kaka. Nimepanga chumba na sebule kule mtaa wa Majengo, na tupo wapangaji watatu kwenye mita moja. Mwezi ukianza tunategeana, kwa sababu anayenunua wa kwanza ndiye anayekatwa. Mwezi uliopita tulikaa gizani siku mbili. Jirani yangu ana watoto wadogo, aliwapikia uji huku mkubwa wao amemshikia tochi ya simu.

Elisante: Siku mbili kwa ajili ya 1,500?

Neema: Siku mbili. Halafu nasoma watu wanabishana kama tutoze kodi ya utajiri ili vijana wapate haki. Nikajiuliza, hapa kwetu si ipo tayari? Kodi ya majengo ni kodi ya mali. Ila anayeilipa ni yule asiye na mali.

Elisante: Ngoja, tuwaeleze wasikilizaji. Tangu Agosti 2021 kodi hii inakatwa kwenye umeme. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Nyumba ya ghorofa mjini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila ghorofa.

Neema: Na hapo kuna jambo la pili linaloniuma. Nenda Shanty Town, uone yale majumba yaliyotandaa chini kwenye miti, uwanja mkubwa, hayana ghorofa. 1,500. Njoo Pasua, nyumba ya vyumba viwili, choo nje. 1,500. Thamani haiangaliwi kabisa.

Elisante: Lakini ni rahisi kukusanya. Zamani ilikuwa mthamini aje, abishane na mwenye nyumba, bili ipotee. Sasa inaingia.

Neema: Inaingia, sikatai. Inatoka wapi, ndilo swali langu. Nikupe hesabu ya mwenzangu niliyesoma naye, mshahara wake ni 900,000 kwa mwezi, na huyo tunamwona ana bahati. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 90,000. Kodi ya mshahara 80,500. Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu inachukua asilimia 15, yaani 135,000. Anabaki na 594,500 kabla hajala. Halafu kila anachonunua dukani, bidhaa nyingi zina VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Mwenye viwanja vinne alivyonunua wakati bei ilikuwa ya kutupa, thamani imepanda mara ngapi sijui, akivikalia tu hatozwi chochote kwa huko kupanda. Mpaka siku auze.

Elisante: Hilo la mkopo linanigusa. Kaka zangu wakubwa serikali iliwasomesha chuo kikuu, hawakudaiwa hata senti. Bodi imeanza kazi 2005. Mimi na wewe tumekaa meza moja, ila tumeingia duniani kwa milango tofauti.

Neema: Ndiyo maana nasema ni suala la vizazi, siyo wivu.

Elisante: Sasa nisikilize na mimi. Kule Kibosho nina shangazi, mjane. Ana kihamba, shamba la ukoo la nyumbani: migomba, kahawa kidogo, ng'ombe mmoja wa ndani. Ukipiga bei ya ardhi ya kule leo, utamwita tajiri. Asubuhi anatafuta hela ya chumvi. Mali ipo, hela haipo. Ukimtoza kwa thamani ya ardhi, umemwambia auze kaburi la mumewe. Maana amezikwa pale pale, kwenye migomba.

Neema: Simtaki shangazi auze. Ireland walipoanzisha kodi yao ya nyumba mwaka 2013 waliifuatisha thamani ya nyumba, na mwenye kipato kidogo wakamruhusu kuahirisha. Deni linakaa kwenye nyumba na riba yake, linalipwa siku nyumba inapouzwa au inapobadilisha mwenyewe. Hapa kwetu pia sheria inamsamehe mzee wa miaka 60 nyumba anayoishi. Kwa hiyo tunajua kumkinga asiyenacho.

Elisante: Na mwenye nacho akikimbia? Norway waliongeza kodi ya utajiri 2022, matajiri kadhaa wakahamia Uswisi.

Neema: Uswisi nako kantoni zote, yaani majimbo yao, zinatoza kodi ya utajiri kila mwaka!

Elisante: Hata hivyo, Novemba 2025 Waswisi walipiga kura ya maoni kuhusu kodi ya asilimia 50 kwenye urithi unaozidi faranga milioni 50. Asilimia 78 wakakataa. Wengi wao hawataigusa milioni hizo hadi wafe.

Neema: Waliogopa hao hao matajiri watakimbia. Pesa inaweza kupanda ndege. Nyumba ya Shanty Town haiwezi, na kihamba hakihami. Ndiyo maana naona sisi tungeanzia kwenye majengo, kwa thamani, na bili imfuate mwenye jengo. Na kihamba chenyewe, kaka, umekitaja kwa huruma. Sisi mabinti tulipewa kipi?

Elisante: Aa, hapo umenishika. Kwetu mkubwa alipewa, mdogo wa mwisho akabaki na nyumba ya wazee. Dada zangu watatu waliambiwa wataolewa. Na sisi wa katikati tuligawana vipande ambavyo mwanangu hawezi kujenga hata banda la kuku. Naye amepanga Soweto, hapa hapa Moshi.

Neema: Kwa hiyo naye anakatwa.

Elisante: Anakatwa. Sijawahi kumuuliza. Na niseme ukweli mbele ya wasikilizaji, mimi nina nyumba Pasua, wapangaji wanne, mita moja. Tangu 2021 sijalipa hata shilingi ya jengo lile. Sikuiba, haikuwahi tu kunifikia mkononi. Nilidhani imekwisha jilipa.

Neema: Anakatwa nani kwenye mita ile?

Elisante: Sijui, Neema. Nafikiri yule fundi cherehani wa mlangoni, ndiye hununua umeme mapema kwa ajili ya mashine yake.

Neema: Mpigie.

Elisante: Nitaenda mwenyewe Jumapili baada ya ibada. Januari nachukua kodi ya pango ya miezi sita. 1,500 mara sita ni 9,000, nitaitoa kwenye ya kwake. Na ya nyuma tutakaa chini, twende naye mwezi kwa mwezi.

Neema: Uje utuambie amesema nini.

Elisante: Nitakuja. Kama mvua itaruhusu barabara ya Pasua kupitika.